Kamati ya Amani Lamu: Nauli ya Mashua na Mwenye Kupiga Mbiu

Katika Kaunti ya Lamu kuna hoja mbili zinazopingana kuhusu kamati za amani, yaani vile vikao vinavyowakutanisha wazee, vijana, akina mama, mashekhe, mapadri, wakulima na wafugaji ili magomvi ya jamii yatatuliwe kabla hayajafikia kushikana mapanga. Hoja ya kwanza yataka kamati iwe na bajeti ya kudumu, mtu wa kushughulikia mawasiliano na mpango wa mwaka ulioandikwa. Hoja ya pili yasema kwamba kamati ikishaanza kulipwa na kutoa taarifa kama ofisi, watu wataikwepa kama wanavyozikwepa ofisi. Nimewasikia watu wa akili wakisimama kila upande, na siamini kwamba upande wowote ni wa kupuuzwa.

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 143,920 katika kaunti nzima, idadi isiyofikia ile ya mitaa kadhaa ya Nairobi. Lakini watu hawa wachache wametawanyika visiwani na bara: Waamu, Wapate na Wabajuni upande wa bahari, Waaweer (ambao wengi bado huwaita Waboni) pembezoni mwa msitu, Waorma na mifugo yao upande wa Witu, Wagiriama, na Wakikuyu ambao wengi wao walifika Mpeketoni kupitia mpango wa makazi ulioanza miaka ya 1970. Ugomvi wa ardhi, malisho na bahari unapotokea, wahusika mara nyingi hawana hata soko moja la kukutania.

Wanaotaka mpango wa mawasiliano hukumbusha kila mara Juni 2014. Mpeketoni ilishambuliwa usiku wa tarehe 15, na vifo vya siku mbili za mashambulizi, pamoja na vijiji vya jirani, vikapita 60. Kundi la Al-Shabaab lilidai kwamba ndilo lililohusika; tarehe 17 Rais Uhuru Kenyatta akalihutubia taifa akisema kwamba mashambulizi hayo yalipangwa na mitandao ya kisiasa ya hapa hapa. Mkulima aliyefiwa Mpeketoni na mvuvi aliyeko Faza, kisiwani Pate, wakabaki na habari mbili zisizopatana, kila moja ikimpa sababu ya kumtazama jirani yake kwa jicho baya, na hapakuwa na chombo ambacho wote wawili wangekubali kukisikiliza. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, wapinzani wake hujibu, nami nakubaliana nao kwa sehemu, kwamba hakuna afisa wa mawasiliano ambaye angeweza kusimama katikati ya maneno mazito kama yale kwa kutumia tangazo lililopangwa vizuri. Kilichokosekana ni watu waliokwisha kuzoeana kabla ya siku ile, na mazoea hayaandikwi kwenye mpango. Mpango unaloweza kufanya ni dogo zaidi, nalo ni kuamua mapema nani wa Mpeketoni atampigia nani wa Faza, kwa simu ipi, na nani ana idhini ya kusema kwa niaba ya wote.

Hapo ndipo hoja ya mbiu inapoingia. Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, na sisi tulioishi karibu na siwa, ile baragumu kubwa ya kale iliyohifadhiwa katika makumbusho ya Lamu, tunajua kwamba chombo kile hakikupulizwa na kila mwenye pumzi wala kila siku. Leo mbiu ziko nyingi: vipaza sauti vya misikiti, baraza la chifu, redio, na zaidi ya yote sauti zinazorekodiwa na kusambazwa katika makundi ya WhatsApp. Tuseme mifugo imeingia shambani huko Hindi, upande wa bara, ng'ombe wawili wamekatwa, na ndani ya nusu saa picha ya ng'ombe ishirini waliochinjwa, iliyopigwa sijui nchi gani, inazunguka kwenye simu. Kamati ikinyamaza ili ichunguze, picha itashinda. Ikiharakisha kukanusha kabla mjumbe wake hajafika shambani, na kesho ikabainika kwamba kulikuwa na ukweli kidogo, haitaaminiwa tena. Mimi nachagua taarifa fupi ya mapema isemayo tu kwamba habari imefika, kwamba watu wawili waliotajwa kwa majina wamekwenda kuangalia, na saa watakayorudi na jibu, ilimradi saa hiyo itimizwe.

Lugha nayo isichukuliwe kuwa jambo dogo. Mabango yanayoandikwa mbali huja na Kiswahili cha vitabuni, pengine Kiingereza, ilhali mzee wa Kiorma au mama wa Kiaweer angehitaji mtu wa kwao wa kumweleza kwa mdomo. Fedha nyingi za mawasiliano huishia kwenye fulana na mabango kwa sababu hivyo ndivyo vinavyopigwa picha. Kupokea malalamiko hakupigwi picha, na kwa hivyo hakuombewi fedha, ijapokuwa kamati isiyopokea haina cha kutangaza.

Kuhusu fedha zenyewe, hoja ya kujitolea huonekana safi mpaka uitazame kwa karibu. Mwaka mmoja nilialikwa kwenye kikao huko Mokowe, kilichoandaliwa na shirika ambalo sitalitaja. Barua ilisema saa tatu asubuhi, na aliyeiandika hakuangalia maji. Ilikuwa bamvua, yaani siku za maji makuu, maji yakakupwa asubuhi, na mashua ya wajumbe kutoka Pate ikakaa juu ya matope ya mkondo wa Mkanda kando ya mikoko hadi maji yalipoanza kujaa. Walifika baada ya saa saba, viatu mkononi, wakakuta wenzao wanakula. Waliwekewa karatasi ya mahudhurio, wakatia sahihi, na kikao kikafungwa kwa dua. Nauli walikuwa wamejilipia wenyewe. Ripoti niliyoiona baadaye ilisema visiwa viliwakilishwa.

Basi anayesema kamati haina gharama hajauliza ni nani anayezibeba. Huzibeba anayetoka mbali, na mwishowe wanaobaki kwenye kamati ni wenye duka mjini, wastaafu na wanaotafuta kura, huku mama wa Basuba au wa Kiunga akiacha kuja. Upande wa pili, posho ya kikao ina madhara yake ninayoyajua: vikao huongezeka, magomvi hayapungui. Ndiyo maana nalipa uzito suala la kutenganisha nauli, mafuta ya mashua, salio la simu na chakula, ambavyo vilipwe kikamilifu, na posho, ambayo isiwepo.

Zitoke wapi? Wafadhili wa nje wamezibeba kazi nyingi za amani huku pwani, lakini Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake, na tarehe 1 Julai mwaka huo shirika lake la misaada, USAID, likaacha rasmi kuitekeleza. Waliokuwa wameegemea mlango mmoja waliona. Serikali ya kitaifa ndiyo yenye jukumu la usalama kikatiba, ila kamati inayolipwa na ofisi ya usalama pekee haitaambiwa siri na kijana anayewaogopa askari. Bandari ya Lamu nayo ni jirani mwenye fedha, lakini mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wafidiwe shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya mradi huo. Kamati iliyokula fedha za bandari itawapatanishaje wavuvi na bandari? Mimi ningeikataa kabisa. Wengine husema fedha ni fedha.

Inabaki kaunti, ambayo katiba imeipa kazi ya kuratibu ushiriki wa jamii. Wasiwasi kwamba gavana ataifanya kamati kuwa yake ni wa haki, na dawa yake ni kiwango: asiwepo mlipaji anayetoa zaidi ya theluthi, na hesabu zibandikwe uwanja wa Mkunguni mjini Lamu na kwa machifu. Tatizo lisilosemwa sana ni kalenda. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, waraka wa mkakati wa fedha kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Kamati nyingi hukumbuka kuomba mwezi Juni, wakati mwaka wa fedha unakwisha na kila kitu kimekwisha kugawanywa, kisha hulalamika kwamba amani haithaminiwi. Katibu anayetaka mafuta ya mashua ya mwakani yampasa aandike ombi lake mwezi Agosti, akiwa na jedwali la maji kupwa na kujaa mezani pake, ili vikao vyenyewe vipangwe siku ambazo Mkanda unapitika asubuhi.