Mzigo wa kichwani na mizani zake

Karatasi ya kupimia mzigo wa akili kazini ni ya ukurasa mmoja. Ina mistari sita, kila mstari umekatwa vipande 20, na rubani aliyetoka sasa hivi kwenye mashine ya kufundishia urubani anatia alama: kazi imemchosha akili kiasi gani, mwili kiasi gani, muda umembana vipi, amefanikiwa vipi, amejitutumua kiasi gani, amekereka kiasi gani. Hiyo ndiyo NASA-TLX (Task Load Index, yaani kipimo cha mzigo wa kazi cha NASA, shirika la anga la Marekani), iliyochapishwa mwaka 1988 na Sandra Hart na Lowell Staveland, na hadi leo ni kipimo kinachotumiwa mno na wanaotafiti mzigo wa akili kazini.

Wanaoipinga wana lao, na si dogo. Mtu anaulizwa kazi ikishakwisha. Aliyefaulu huiona ilikuwa nyepesi, aliyeboronga huisingizia uzito. Halafu mstari wa mafanikio umegeuzwa: kwenye mistari mingine kushoto ni "kidogo", lakini hapo kushoto ni ufanisi kamili na kulia ni kushindwa. Mtu aliyechoka, mkono ukienda kwa mazoea, anajipa alama za kushindwa bila habari. Kwa Kiswahili tuna mtego wetu wa ziada. Ukiuliza mtu alitumia "bidii" kiasi gani umemwalika ajisifu, maana nani atakubali kuwa hakuwa na bidii?

Basi wengine wanasema mdomo uachwe, uulizwe mwili. Mwaka 1966 Daniel Kahneman na Jackson Beatty waliwasomea watu tarakimu, moja kila sekunde, wazishike kichwani. Mboni za macho zilipanuka kadiri tarakimu zilivyoongezeka, kisha zikasinyaa kadiri walivyozitamka. Unamwona mtu akitwishwa, unamwona akitua. Hakuna aliyejaza fomu.

Sawa, lakini mboni hiyohiyo hupanuka taa ikififia. Moyo hudunda kwa kupanda ngazi, kwa kahawa, kwa kumwona mkaguzi mlangoni. Kifaa kinakwambia kuna jambo limetokea. Jambo gani, itabidi umuulize mwenye jicho, na hapo umerudi kwenye mdomo ulioukimbia. (Kuna pia njia ya kumpa mtu kazi ndogo ya pembeni ili uone anabakiwa na nafasi gani. Ni nzuri maabara, ila sijui nani atathubutu kumpa rubani anayetua kweli.)

Ubishi huu una ajira za watu ndani yake. Mwaka 1981 jopo lililoundwa na Rais Reagan wa Marekani lilipima iwapo ndege mpya za abiria ziendeshwe na watu wawili badala ya watatu. Chama cha marubani kilimtaka wa tatu abaki. Jopo likasema wawili wanatosha. Kiti cha huyo wa tatu, mhandisi wa ndege, kikaondoka kwa hoja ya uzito usioonekana kwa macho.

Mimi ningebaki na karatasi. Ninachokikataa ni wastani. Hart na Staveland walimtaka anayejibu alinganishe vipengele vile sita viwili viwili, jozi 15, aseme kipi kilimlemea zaidi katika kazi ile, ili hicho kihesabiwe zaidi. Watafiti wengi huiruka hatua hiyo ili kuokoa muda, wakajumlisha sita na kugawanya. Chukua karani ambaye mtandao umekatika mara kumi asubuhi (kila kipande cha mstari kihesabiwe alama 5, mstari mzima 100): akili 10, kukereka 90. Chukua mhasibu anayefunga hesabu za mwaka katika ofisi tulivu: akili 90, kukereka 10. Mistari mingine ikilingana, wote wawili wanatoka na namba ileile. Mmoja anahitaji fundi wa mtandao, mwingine anahitaji msaidizi, na bosi mwenye ripoti mkononi hana namna ya kujua nani ni yupi.