Bangili ya Disney na foleni ya bembea za Arusha

Sikukuu zikikaribia, mzazi wa Arusha anaijua foleni ya bembea: mtoto anasimama nusu saa apate dakika tatu za kuzunguka. Ndiyo maana mtu akisema tuige viwanja vya burudani vya Disney kule Marekani, watoto wavae bangili za kielektroniki badala ya tiketi, na nafasi za kupanda bembea ziwekwe mapema kwa simu, wengi tunaitikia haraka. Mimi nayatenganisha hayo mawili.

Bangili sina ugomvi nayo. Walt Disney World ya Florida ilianza kuwavisha wageni mwaka 2013, katika mradi ulioripotiwa kugharimu takribani dola bilioni 1. Mgeni anaigusisha kwenye nguzo ya getini anaingia. Bangili hiyohiyo inafungua chumba cha hoteli na kulipia chakula. Mama mwenye mtoto mgongoni na mwingine anayemvuta kanga hahitaji kupekua mkoba kutafuta tiketi. Mwenye kiwanja naye anapona, maana tiketi iliyokwisha kutumika hairudi dirishani kuuzwa tena. Tusijifanye hatuujui mchezo huo.

Wasiwasi wa taarifa za watoto zinazokusanywa kwa bangili upo. Mwaka huohuo wa 2013 mbunge wa Marekani, Ed Markey, aliiandikia Disney kuhoji jambo hilo, akajibiwa kwamba kuivaa ni hiari. Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo pa kuanzia papo.

Kwenye kuweka nafasi ndipo ninapobisha. Chukulia bembea inayobeba watu 600 kwa saa. Simu haiongezi hata kiti kimoja. Ukiwatengea 400 walioweka nafasi, foleni ya kawaida inabaki na 200, na inasota. Basi la Dar kwenda Moshi mwezi Desemba ni tofauti: viti vina namba, likijaa limejaa, na aliyechelewa anaambiwa kabla hajatoa hela. Kwenye bembea umeshalipa kiingilio, kisha unasimama juani ukiwatazama wenzako wakipita pembeni.

Wanaotetea mpango huu wana hoja. Mwenye nafasi ya saa nane anaweza kula au kupumzika kivulini badala ya kusimama, na umati unatawanyika. Ni kweli, ila kwa aliyepata nafasi. Disney ilipohamishia mfumo wake wa kuweka nafasi kwenye bangili, waliolala kwenye hoteli zake waliruhusiwa kuchagua nafasi siku 60 kabla, wengine siku 30. Halafu kuna hela. Tiketi zao za kuruka foleni zilianza mwaka 1999 bila malipo. Mwaka 2021 huduma iliyochukua nafasi yake ikaanza kuuzwa kwa dola 15 kwa mtu kwa siku, juu ya kiingilio. Mfanyabiashara akishaona watu wanaikimbia foleni, ana sababu gani ya kuifupisha?

Hapa kwetu anayeachwa nyuma ni yule aliyetoka Ngaramtoni kwa daladala na watoto watatu, bila bando. Bangili ije, hata kesho. Nafasi zikiwekwa, ziwe bure, ziwe chache, na ziwepo za dirishani kwa asiye na simu janja. Na getini pabandikwe, kwa kila bembea, viti vingapi kwa saa vimebaki kwa foleni ya kawaida. Nivisome kabla sijalipa.