Mzigo ulipita, mwenye mzigo akabaki

Kila korona inapotajwa hapa Mwanza, lazima mtu aseme, "Sisi hatukufungiwa." Ni kweli, na nashukuru. Shule zilifungwa Machi 17, 2020, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza kutangazwa nchini. Ndege za kimataifa zilisimama Aprili, zikaruhusiwa tena Mei 18. Lakini hakuna aliyezuiwa kwenda sokoni, wakati jirani zetu wa Kampala na Kigali walikaa ndani wiki baada ya wiki. Hata hivyo nikiisikia kauli hiyo nakumbuka soko letu la samaki, Mwaloni Kirumba, la masika yale, na moyo unakataa. Tulifungwa. Ila kufuli lilikuwa la wengine, na funguo walikuwa nazo wao.

Mama yangu mdogo anauza dagaa pale Mwaloni tangu sijaanza shule. Miaka yote hiyo mteja wake mkubwa alikuwa mama mmoja wa Goma, Kongo. Alikuwa haagizi mzigo kwa simu, anakuja mwenyewe. Anapitisha mkono ndani ya gunia mpaka kwenye kiwiko, anachota dagaa wa katikati, kwa sababu wa juu kila muuzaji anawapanga vizuri. Anamvunja mmoja karibu na sikio asikie kama amekauka. Mwingine anamtafuna taratibu kuona kama ana mchanga. Ndipo wanaanza kuzungumza bei. Sehemu ya hela anatoa papo hapo, iliyobaki anailipa safari ijayo, na hakuna karatasi wanayoandikiana. Mama mdogo hakuwahi kudhulumiwa hata shilingi.

Rwanda, njia yake ya kuja kwetu, ilifunga mipaka yake usiku wa Machi 21, 2020. Malori ya mizigo ruksa, wasafiri hapana. Mei 16 Kenya nayo ikafunga mpaka wake na Tanzania kwa mtindo huohuo, mizigo ipite, watu wabaki, na sisi wa ukanda huu tukaukuta ukuta pale Sirari. Ukisoma matangazo yale ofisini utaona hakuna kilichoharibika, biashara inaendelea. Kwa saruji na mafuta ya petroli ni sawa, maana mwenye mzigo yuko zake ofisini na dereva anamfikishia. Kwa dagaa na kayabo, yaani sangara mkavu wa chumvi, mfanyabiashara ndiye ghala, ndiye mkaguzi wa ubora, ndiye benki. Ukimzuia yeye umezuia mzigo wote, hata kama geti liko wazi kwa malori mia.

Sisemi mipaka ingeachwa bila ulinzi. Watu walikuwa wanakufa. Na kwa upande wetu, takwimu za wagonjwa ziliacha kutolewa mwishoni mwa Aprili zikiwa zimefika 480, na jirani asiyejua hali ya nyumba ya pili anaweka komeo. Hilo tulibebe wenyewe. Lakini angalia jambo hili: waliokuwa wakikutwa na virusi mipakani, wengi walikuwa madereva wa malori. Je, walizuiwa? Hapana. Walipimwa, wakapewa vyeti, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikaanzisha mfumo wa kielektroniki wa kuwafuatilia njia nzima. Maana yake uwezo wa kumpitisha mtu kwa usalama ulikuwepo. Mama wa dagaa hakutengenezewa njia kwa sababu hakuna aliyekaa mezani akasema kwamba na yeye ni uchumi.

Nilikwenda stoo ya mama mdogo mwishoni mwa Aprili.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Njoo unuse."

Akafungua gunia. Mvua za masika zilikuwa hazijakata, na dagaa aliyelala stoo masika anavuta unyevu hata umfunike vipi. Wale waliokuwa wanang'aa kama fedha walikuwa wamegeuka rangi ya kahawia, wanashikana mkononi. Harufu ilikuwa imeshabadilika. Dagaa wa namna hiyo hanunuliwi na binadamu. Anakwenda kusagwa chakula cha kuku, kwa bei ambayo mama mdogo aliitaja kwa sauti ya chini, kama anayetaja msiba. Mtaji wenyewe ulikuwa wa mkopo.

Hasara haikuishia kwake. Mwalo, pale mitumbwi inaposhusha samaki, ni mnyororo wa madeni. Mama mdogo hakuweza kumlipa tajiri wa mtumbwi wa Ukerewe aliyemletea mzigo, tajiri akashindwa kuwapa vijana wake chochote cha maana. Vijana wa mtumbwi hawana mshahara. Wanavua usiku wa giza, mwezi ukijaa wanapumzika, na mwisho wa giza hesabu inapigwa: yanatolewa mafuta ya injini, chakula cha kambini na matengenezo ya nyavu, kinachobaki ndicho cha kugawana. Bei ya dagaa ikishuka, gharama hazishuki nayo. Kwa hiyo anayebaki na hasara nzima ni kijana asiye na mtu wa chini yake wa kumsukumia.

Kwenye sangara hali ilifanana, ila kufuli lake lilikuwa mbali zaidi. Minofu yetu inaliwa Ulaya, na migahawa ya Italia na Hispania ilifungwa Machi. Huku ziwa lenyewe lilikuwa limepanda mwaka ule kuliko wazee wengi walivyowahi kuliona, likameza fukwe za kuanikia dagaa. Mambo yote kwa pamoja.

Takwimu za taifa zinasema uchumi wetu ulikua kwa asilimia 4.8 mwaka 2020, wakati wa Kenya ulisinyaa kidogo. Sizibishii. Dhahabu ilipanda mpaka ikavuka dola 2,000 kwa wakia mwezi Agosti, na Geita ni hapo ng'ambo tu. Lakini hela ya dhahabu haikuvuka maji kuja kulipa deni la Kirumba. Kadhalika mwaka uliofuata zilipokuja shilingi trilioni 1.3 za mkopo wa korona wa IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, madarasa yalijengwa na watoto wetu wanasomea humo, jambo jema kabisa. Kwenye mwalo ninaoujua mimi, sikumwona hata mama mmoja aliyerudishiwa mtaji.

Ninachotaka ni kitu kidogo, na nakitaka sasa, kabla ugonjwa mwingine haujabisha hodi. Nchi zinazolizunguka ziwa hili zikubaliane kwamba mfanyabiashara mdogo wa mpakani anahesabiwa sawa na dereva wa lori: siku mipaka ikifungwa apimwe, apewe cheti, apite. Na pale Mwaloni pawepo ghala kavu la pamoja ambalo dagaa anaweza kukaa miezi miwili bila kuharibika, ili mama asilazimike kuuza kwa bei ya chakula cha kuku kwa sababu mteja wake amechelewa.

Mama mdogo alirudi kazini kwa mkopo mwingine, akimaliza wa kwanza polepole. Yule mama wa Goma alionekana tena mwaka 2021. Kabla hajagusa gunia lolote, alifungua kanga kiunoni akahesabu deni lake la Machi, lote, akaliweka juu ya mzani.