Sahihi tatu, jina moja

Jana nimemkera mama wa watu hapa Leicester, Uingereza, na wala hakunikosea. Kazi ilikuwa jikoni kwake: laini mpya ya soketi na ubao mpya wa breka. Kufika saa tisa alasiri kila kitu kinafanya kazi. Birika linachemka, friji inaunguruma, na yeye kashika simu anataka kunirushia hela yangu. Nikamwambia asubiri. Nilikuwa napima njia ya ethi, ile ambayo umeme hupita hitilafu ikitokea ili breka ikate haraka, soketi moja baada ya nyingine, na ile ya mwisho, ya nyuma ya friji, imesoma omu 1.9. Kwa breka niliyoweka, ya ampea 32, kitabu cha kanuni kinataka isizidi 1.37.

Akaniuliza, "Lakini birika si linachemka?"

Nilicheka mwenyewe. Hilo swali nimelisikia miaka yote niliyokuwa fundi Dar, ila kwa Kiswahili: fundi, si taa imewaka?

Nikavuta friji, nikafungua soketi. Skrubu ya waya wa ethi imelegea, na aliyeiacha hivyo ni mimi. Nikakaza, nikapima upya, ikashuka hadi 0.7. Mama hakuona tofauti yoyote, birika lake ni lile lile. Alichoona ni saa nzima ya fundi kuhangaika na friji.

Baada ya hapo nikakaa kwenye gari nijaze cheti. Kina sehemu tatu za kutia sahihi: aliyesanifu, aliyejenga, na aliyekagua na kupima. Kwenye kampuni kubwa wanaweza kuwa watu watatu. Fundi anayejitegemea ni huyo huyo mara tatu. Ipo fomu fupi ya sahihi moja kwa watu kama mimi, lakini naipenda hii ndefu. Acheni niringe kidogo.

Kwa sababu nyumbani nilifunga umeme kwenye nyumba za watu kwa miaka sita na jina langu halikuandikwa popote. Kimara, Mbagala, Kigamboni, mnazijua hizo nyumba, nyingine mnaishi humo. Unamaliza wayaringi, halafu unaanza safari ya muhuri, ule wa mkandarasi mwenye leseni wa kuthibitisha kwamba kazi ni salama. Mkandarasi mmoja niliyemzoea alikuwa na ofisi ya meza moja. Hakuwahi kuuliza nyumba iko wapi. Aliuliza, "Pointi ngapi?" ili ajue bei ya kuniambia. Wino ulikuwa umekauka, basi akaupulizia muhuri pumzi, haaa, kama mtu anayefuta miwani, akagonga. Nyumba ikawa salama.

Najua mnavyojiandaa. "Kaenda majuu anatuona sisi washamba." Ndugu yangu, mimi sijasema fundi wa Bongo hajui kazi. Waliosoma VETA, vyuo vyetu vya ufundi, na wale waliofundishwa juu ya ngazi na bisibisi, nawaweka mbele ya mafundi wengi wa huku kwenye kutafuta hitilafu. Mtu anasimama chini ya dari bila mchoro, bila kipimo, anakuambia shoti iko kwenye kisanduku cha pili, na kweli iko hapo. Huku kijana akikosa kipimo chake anapiga simu ofisini. Halafu leseni zipo, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inazitoa kwa madaraja, na wapo wakandarasi wanaokwenda kuangalia kazi kabla ya kugonga. Nawaheshimu. Nazungumzia ile biashara nyingine, ambayo mkono umefanya kazi na jina limekodishwa.

Mwingine atasema: kwa hiyo huko mnajisahihishia mtihani wenyewe, hiyo ndiyo akili? Swali zuri, hata mimi niliuliza. Tangu mwaka 2005, England na Wales, kazi kubwa za umeme majumbani ziko chini ya sheria za ujenzi. Ama unaiarifu halmashauri mapema, ikague na mteja alipie, ama fundi awe amesajiliwa kwenye skimu, yaani chombo kinachosimamia mafundi, kama NICEIC au NAPIT, ajithibitishie kazi yake na taarifa iwe imefika ndani ya siku 30. Na huyo fundi hawamwachi. Kila mwaka anakuja mkaguzi, mnakwenda naye kwenye kazi ulizofanya, anafungua ubao, analinganisha vipimo na ulichoandika, anataka kuona bima, anataka kuona kama mashine zako za kupimia zenyewe zimehakikiwa. Ni mtihani unaojisahihishia huku mwalimu ana ufunguo wa kabati.

Na mambo haya yanauma, msidhani nasifia tu. Ada ya skimu, bima, gharama za kuhakiki mashine za kupimia, kitabu kipya kila kanuni zikibadilika. Miaka yangu sita ya Dar ilihesabiwa kama sifuri. Nilianza upya kama saidia fundi, nikibeba ngazi za vijana waliozaliwa nikiwa nimeshapigwa shoti mara tatu, nikasoma usiku, nikafanya mtihani wa vitendo wa zaidi ya siku mbili huku mtu kasimama pembeni na ubao wa karatasi hasemi neno. Kuna siku nilitamani yule mkandarasi wangu na muhuri wake.

Wala msidhani karatasi za Mzungu hazisemi uongo. Grenfell Tower, London, mwaka 2017, watu 72 walikufa kwenye jengo lililofunikwa kwa vifaa vilivyokuwa na makaratasi yake yote. Uchunguzi ukaja kueleza jinsi baadhi ya waliouza vifaa vile walivyodanganya. Kwa hiyo nisiletewe habari kwamba naabudu makaratasi. Tofauti ninayoisema ni moja: ile soketi ya nyuma ya friji, ikiua mtu, hawahitaji kumtafuta aliyeifunga. Jina lipo, mara tatu.

Na kama bado mnaona najikweza, nawapeni hili mnisute nalo vizuri. Mbagala, mwaka wa pili wa ufundi wangu, niliwahi kukata ethi rodi moja, ile fimbo ya chuma inayopigiliwa ardhini kwa ajili ya ethi, vipande viwili nikafungia nyumba mbili. Hela ya rodi ya pili niliitia mfukoni. Taa ziliwaka pande zote mbili, wenye nyumba wakanipa soda, muhuri ukagongwa.

Usiku wa jana, baada ya cheti cha yule mama, sikulala vizuri. Nikampigia mdogo wangu, nikamwomba apite kwenye hizo nyumba na rodi mbili mpya, nzimanzima, nimemtumia hela, aseme ni zawadi kutoka kwa fundi wa zamani. Ya kwanza ameshaipigilia leo asubuhi. Ya pili kaniletea picha. Mwenye nyumba ameongeza kibaraza, ule upande wote wenye rodi kamwaga zege, na juu yake kaweka friji ya kuuzia soda.

Nimemwambia aulize kama soketi ya hiyo friji ni ile ile niliyofunga mimi. Bado hajajibu.