Mtandao Uliomwogopa Bosi

Bosi akipanda treni ya SGR kwenda Dar, mtandao wa ofisi yetu hapa Dodoma unatulia kama maji mtungini. Akirudi tu, unaanza kukatika. Watu wa uhasibu wakaamua kwamba hata kompyuta zinamwogopa. Mlinzi alisema ni panya. Dada wa mapokezi alilaumu vumbi, na hapo sikumbishia sana: kiangazi kimoja nilifungua feni ya seva nikatoa udongo wa kutosha kupanda mchicha.

Waliotuuzia intaneti nao walikuwa na dawa moja tu: zima ruta, subiri kidogo, washa.

Kilichonichanganya ni kwamba hatukatikiwi wote. Mhasibu anafanya kazi kwa raha, msaidizi wake meza ya pili haioni seva kabisa. Kesho zamu inageuka. Na bosi anapita koridoni akifoka, "Mtu wa IT tunamlipa wa nini?"

Siku hiyo nikakaa kwenye kompyuta ya msaidizi, nikaandika ipconfig, amri inayoonyesha anwani ya kompyuta kwenye mtandao. Kompyuta zetu hupewa anwani zinazoanza na 192.168.10. Hii ilikuwa na 192.168.1. Nywele zikanisimama. Humu ndani kuna ruta nyingine inagawa anwani! Kompyuta ikiwashwa huomba anwani kwa sauti, na kwa kawaida humfuata anayewahi kuijibu. Akiwahi seva yetu, umepona. Akiwahi huyo mgeni, umeelekezwa kusikojulikana.

Nikachukua namba ya MAC ya mgeni, yaani namba ya utambulisho wa kifaa, nikaitafuta kwenye swichi ya mtandao, kisanduku kinachounganisha waya zote za ofisi. Tundu la 14. Nikasoma lebo ya waya, nikairudia kuisoma, kisha nikaenda kubisha hodi.

"Shikamoo bosi. Naomba kuchungulia nyuma ya kabati."

"Marahaba. Chungulia upesi, maana mtandao wako umekata tena."

Nyuma ya kabati, kando ya katoni ya mvinyo wa zabibu anaowawekea wageni wa kutoka Dar, taa za kijani zilikuwa zinanikonyeza. Ruta ya nyumbani kabisa, waya wa ukutani umechomekwa tundu la njano badala ya la bluu. Kwa hiyo badala ya kupokea mtandao kistaarabu, ilikuwa imejipa umeneja wa ofisi nzima.

"Hiyo ni yangu," bosi akasema. "Waifai ilikuwa haifiki kona hii, kijana wangu akaja kunifungia. Nikisafiri naizima, kuokoa umeme."

Nikamweleza polepole, kwa adabu zote, nikimtazama begani badala ya machoni. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Kwenye ripoti andika hitilafu ya kiufundi."

Nikaandika. Ripoti ilipofika uhasibu, mama mhasibu akaisoma, akanivuta pembeni.

"Mdogo wangu, hiyo hitilafu ya kiufundi inasafiri lini tena?"