Viatu Mlangoni

Mtihani wa CCNA, cheti cha ufundi wa mitandao ya kompyuta cha kampuni ya Cisco, una dakika 120, nao hauruhusu kurudi kwenye swali ulilokwisha kulipita, kwa hiyo mtu wa kazi ya zamu hana budi kuzipangia dakika hizo mapema. Mimi hutunza intaneti ya wageni katika hoteli moja ya Nungwi, na sehemu kubwa ya masomo yangu niliyafanyia ndani ya gari ya 116 baina ya Nungwi na Darajani, daftari likiwa juu ya magoti na, mara nyingi, tenga la samaki la abiria mwengine likiwa juu ya daftari.

Mwezi wa Ramadhani nikapangiwa zamu ya usiku, na hesabu yangu ikakaa sawa: nitoke kazini asubuhi, nilale hadi adhuhuri, nianze mtihani saa 10 alasiri kwa kompyuta yangu nyumbani Kikwajuni, nimalize saa 12, na adhana ya magharibi inikute nimeshakoga. Watu wa nyumbani niliwaomba wakashinde kwa shangazi, Bububu. Nilipiga picha pande zote nne za chumba, nikaiweka simu mbali, na msimamizi, aliyekuwa akinitazama kwa kamera kutoka nchi nisiyoijua, akanikumbusha kuwa ni marufuku kusema, kuondoka, kula au kuonekana na mtu mwengine. Katazo la kula nilikuwa ninalo tangu alfajiri.

Nilikuwa nimezama katika swali la kugawa mtandao, nikihakikisha kwamba kipande cha mtandao chenye ukubwa unaoandikwa /26 hutoa anwani 62 za vifaa, niliposikia hodi. Ilikuwa sauti ya bi mkubwa wa nyumba ya pili, na kwa wakati ule hapana shaka alikuwa amechukua sahani ya futari. Sikujibu, kwani adabu ya dini ni hodi tatu, na asiyejibiwa hurudi zake. Ikaja ya pili. Ikaja ya tatu. Nikashusha pumzi.

"Viatu vyake si hivi hapa?" nikamsikia akimwambia mtu. "Usiku kucha yuko kazini, na mchana kafunga. Huyu kazimia!"

Akaitwa fundi baiskeli wa barazani, akaitwa pia kijana mmoja aliyepata kusomea huduma ya kwanza, na wote wakaingia. Saa ya mtihani ilionesha zimebaki dakika 41. Nilibaki nimekodoa macho mbele, sisemi wala sitikisiki, kama kanuni zilivyotaka, na utiifu huo ndio uliowathibitishia kwamba hali yangu ni mbaya mno. Fundi alinimwagia maji ya kichwa. Kijana alinishika mshipa wa mkono, akatikisa kichwa kwa huzuni. Bi mkubwa aliitua sahani ya tambi juu ya kibodi, akaanza kunisomea Yasini.

Ujumbe ukatokea kwenye skrini kwamba mtihani umesitishwa.

"Mimi mzima, bibi," nikasema, kwa kuwa sasa kusema hakukatazwi tena. "Nilikuwa kwenye mtihani. Kuna msimamizi ananitazama humu ndani."

"Anatuona?"

"Anatuona."

Akajifunga vizuri ushungi wake, akaisogelea kamera hadi uso wake ukajaa skrini nzima.

"Karibu futari, mwanangu. Tambi zipo nyingi."