Mayai Thelathini na Manne kwa Siku

Mpwa wangu ana kilo 68, na tangu aanze kwenda jimu mwezi Machi, nyumba yetu inaendeshwa kwa hesabu ya gramu. Mwalimu wake wa mazoezi amemwambia ale gramu 3 za protini kwa kila kilo ya mwili, kila siku, na kijana huyu, ambaye amekuwa akinibishia kila jambo tangu ajue kusema, hilo amelipokea bila swali. Juzi alilisukuma kando bakuli la maharage, akasema, "Mjomba, huo ni wanga tu," kisha akakoroga unga wake wa protini wa kopo, ambao bei yake sitaitaja kwa kuwa shinikizo langu la damu tayari liko juu.

Nilichukua kalamu. Gramu 3 mara kilo 68 ni gramu 204, na kwa kuwa yai moja lina kama gramu 6, hayo ni mayai 34: trei nzima, na manne ya nyongeza. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2007 inasema mtu mzima hutoshelezwa na gramu 0.83 kwa kilo, yaani 56 kwake. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina kama 15, ugali wa gramu 200 za unga wa dona 16, mayai mawili 12, na konzi ya dagaa wakavu, gramu 30 hivi, hazikosi 15. Ameshavuka, na kopo halijafunguliwa. Tena maharage hayo aliyoyadharau ndiyo yanayoziba upungufu wa lisini, kijenzi cha protini ambacho mwili hauwezi kujitengenezea, uliomo katika mahindi, jambo ambalo makande yamekuwa yakilitekeleza bila tangazo.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba anayenyanyua vyuma anahitaji zaidi, pengine gramu 1.6 kwa kilo, ambazo kwake ni 109. Lakini hizo nyingine 95 zinakwenda wapi? Mwili una pa kuweka mafuta, na hata sukari huiweka akiba kidogo kwenye ini na misuli, ila protini haina ghala. Ikizidi huvunjwa, ini huitoa nitrojeni yake na kuigeuza urea, figo huisukuma urea hiyo kwenye mkojo, na kinachosalia huchomwa kama kuni nyingine yoyote au huishia kuwa mafuta. Kijana amenunua mkojo wa gharama kubwa, na anauita misuli.

Sitamtishia figo, kwa sababu kwa mwenye figo nzima ushahidi wa madhara ni hafifu. Hata hivyo, kisukari na shinikizo la damu huziharibu kimya kimya kwa miaka, na figo iliyokwisha kuchoka huelemewa na mzigo huo. Ni nani pale jimu aliyepima kreatinini, ile taka ya damuni inayoonyesha hali ya figo, kabla ya kununua kopo?

Kinachoniuma ni kingine. Mama yangu ana miaka 71, umri ambao misuli hupungua na wataalamu hushauri gramu 1 hadi 1.2 kwa kilo, naye hula ugali kwa mchuzi. Jana usiku nilimwona akihamishia kipande chake cha samaki kwenye sahani ya mjukuu "anayefanya mazoezi". Mjukuu alimshukuru bibi yake, akakiweka kipande hicho kwenye mizani yake ndogo, akaandika uzito wake kwenye simu.